Fundi Saa Hachukui Kipande cha Pili

Shangazi yangu hukata vitabu kwa kisu. Naanza na hilo kwa sababu ndilo watu huliona kwanza wakiingia sebuleni kwetu, na ndilo lililonitoa jasho mwaka mzima. Kitabu kinene kikimfikia, hukitenganisha kikawa viwili, akakishona kila kipande kwa uzi, akakitia gundi, akakivika jalada la boksi na kubandika juu yake picha ya jalada la zamani. Kisha anaviazimisha. Ukimaliza kipande cha kwanza unakirudisha, unapewa cha pili. Kitabu kimoja kinasomwa na watu wawili kwa wakati mmoja, na hakuna anayetoroka na cha kwanza, maana mwisho wa hadithi uko kwa Shangazi.

Ufundi huo aliupata kiwandani. Tangu ujana wake alifanya kazi katika chumba cha kujalidi vitabu cha kiwanda cha uchapaji, mpaka kiwanda kilipofungwa. Wenzake waliomba viti na makabati wavipeleke majumbani. Yeye aliomba kibanio cha chuma cha kubania vitabu, akakileta kwa mkokoteni na kukiweka katikati ya sebule, na hapo ndipo kilipo hadi leo. Nimejigonga nacho goti tangu nikiwa mtoto, kwa sababu mama yangu alipofariki ni yeye aliyenichukua na kunilea.

Rafu zake ni mbili. Ya dirishani ni ya wapelelezi watoto: ndugu wawili na mbwa wao wanaomtafuta aliyeiba kombe la shule, msichana anayefuata nyayo za matope mpaka kwenye ghala, mapacha wasioweza kupita mlango uliofungwa bila kutega sikio. Ya ukutani ni ya mapenzi ya zamani: mabinti wasio na urithi, mabwana wakimya wenye mashamba, matembezi ya bustanini, barua zinazofika zimechelewa.

Vya wapelelezi huvisoma mwenyewe kabla ya mtu yeyote kuvigusa, na wala havikati katikati. Hutafuta pale mtoto anaposhika kitasa na kusikia mtu akipumua upande wa pili wa mlango, hapo ndipo kisu kinapopita. Ndiyo maana wateja wake wadogo huwa mlangoni asubuhi kabla hatujafagia. Vya mapenzi havisomi kabisa. Anavipima unene kwa rula na kukata. Bwana anaweza kupiga goti katika kipande cha kwanza na kufumbua mdomo katika cha pili, na kama cha pili kiko kwa mke wa mwalimu mkuu, basi mimi msomaji nakaa na yule bwana magotini wiki nzima. Nimemlalamikia mpaka nimechoka.

"Wanapendana mwanzoni kabisa," huniambia, "na wanaambiana mwishoni kabisa. Hapo katikati walikuwa wanafanya nini?"

"Walikuwa wanachunguzana, Shangazi."

"Hao wangu wanachunguza pia. Lakini wanapata jibu, na baiskeli ya watu inarudi."

Sikumlaumu sana kwa hilo. Mumewe aliondoka asubuhi moja na begi dogo, akisema anakwenda kumwona ndugu yake, na mpaka leo hakuna aliyemweleza Shangazi lolote. Vitu vinapotea duniani na hakuna anayehangaika kuvitafuta. Katika rafu ya dirishani kila kitu hutafutwa, na mwishoni mtu husimama mbele ya wote na kueleza. Namwelewa. Nilichoshindwa kuelewa ni jinsi mwanamke mwenye jicho kali namna ile alivyoweza kuwa kipofu kwa jambo lililokuwa likiingia kwake kila Jumamosi kwa miguu yake mwenyewe.

Jambo hilo lilikuwa Fundi Saa. Ana kibanda cha vioo ng'ambo ya barabara yetu, ni mgane, mtaratibu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na ile lenzi yake ya kazi huisahau kwenye paji la uso. Kila Jumamosi, wakati sebule imejaa watu, alivuka barabara, akasimama kando ya dirisha kwa muda mrefu akimwangalia Shangazi anavyohudumia, kisha akachukua kipande cha kwanza cha kitabu cha mapenzi, akaaga kwa heshima na kuondoka. Jumamosi inayofuata alikirudisha na kuchukua kipande cha kwanza cha kitabu kingine. Cha pili hakukiomba hata siku moja.

Mimi niliyekulia kwenye rafu ya ukutani sikuhitaji kuelezwa. Na nilikuwa na sababu ya kutaka liwe hivyo. Mimi ni nesi wa wodi ya watoto, na nilikuwa nimepewa uhamisho kwenda hospitali ya mji mwingine, kazi niliyoiomba kwa miaka. Nilishaomba niahirishiwe mara moja, na mkuu wangu alikuwa amenieleza wazi kwamba nikiomba tena nafasi atapewa mwenzangu. Lakini mikono ya Shangazi ilianza kutetemeka. Siku moja alizama katika hadithi ya ghala lililoungua moto, sufuria ya gundi ikaungua jikoni kwetu kweli, na yeye akafurahi akidhani anasikia harufu ya kitabu. Ningemwachaje peke yake? Na kuhama hakutaka hata kusikia.

"Shangazi," nilimwambia siku hiyo nikisugua sufuria, "Fundi Saa anakuja kwa ajili yako."

"Ushahidi uko wapi?"

"Mtu anachukua vitabu vya mapenzi tu, hamalizi hata kimoja, anasimama nusu saa anakuangalia. Unataka ushahidi gani, akuletee askari?"

Akaweka sindano chini. Nilidhani nimemgusa. Kumbe nilikuwa nimempa kesi.

Kuanzia hapo hatukukaa kwa amani. Kila kitabu Fundi Saa alichokirudisha, Shangazi alikishika kama daktari, akakinusa, akakiinua kwenye mwanga, akakibonyeza mgongo. Akaanza kuchungulia kibanda cha vioo kupitia pazia. Mara alisema mtu yule anahesabu vitabu vyake ili afungue duka kama lake, mara alisema anaiga mshono wake. Wakati huo huo alikuwa na kesi nyingine ndogo: vitabu vya wapelelezi vilikuwa na alama za mafuta kwenye pembe za kurasa, na kila wiki aliwafokea watoto wa fundi magari, nao wakaapa kwa viapo vyote kwamba wamenawa. Nilimwomba aachane na yote mawili. Alinikata jicho.

Ijumaa moja alinitangazia kwamba amemaliza uchunguzi, na kesho yake sebule haitafunguliwa kwa wateja mpaka mambo yasemwe. Alitualika mimi, Fundi Saa na jirani yetu fundi cherehani, ambaye hakuhusika kwa lolote ila alisema hawezi kukosa. Asubuhi nilikuta viti vitatu vimepangwa mstari mmoja na Shangazi amesimama nyuma ya kibanio cha chuma, amejitanda khanga mpya. Fundi Saa aliingia, akaona viti, akakaa kile cha mwisho bila kuuliza.

"Nimewaita," Shangazi alianza, "kwa sababu kuna mtu anafanya jambo kwa siri ndani ya nyumba hii."

Nikaziba uso kwa mikono.

"Vipande vya kwanza vyote vya rafu ya ukutani vimetoka na huyu bwana. Cha pili hajaomba hata kimoja. Msomaji wa mapenzi haishii katikati. Huyu hapa," akaninyooshea kidole, "akikosa cha pili hata chakula hali. Sasa sikilizeni." Akachukua kitabu alichorudishiwa wiki ile, akakisogeza karibu na sikio la jirani na kukifungua. Mgongo ukalia kwa sauti kavu. "Gundi yangu hulia mara moja tu, siku kitabu kinapofunguliwa mara ya kwanza. Hiki nilikitia gundi mpya kabla hujakichukua, Fundi, kimekaa kwako wiki nzima, na hakijafunguliwa. Na kile cha kabla yake, na cha kabla ya hicho. Kwa hiyo hukuwa unakuja kwa ajili ya vitabu hivi. Ulikuwa unakuja kwa jambo jingine ndani ya sebule hii, jambo ambalo..."

Niliona usoni mwake kwamba amesikia alichokuwa anakisema. Ushahidi wote aliokusanya mwenyewe, kwa kuchungulia na kubonyeza na kunusa, ulikuwa umempeleka moja kwa moja mahali nilipokuwa nikimwelekeza siku zote. Akashika ncha ya khanga. Jirani akanifinya paja. Moyo ulinienda mbio kana kwamba mimi ndiye ninayechumbiwa.

"Sema, Fundi," nikamwambia.

Fundi Saa akavua lenzi, akaifuta kwa shati, akairudisha pale pale. "Naona haya," akasema.

"Hapa hakuna wa kumwonea haya."

"Mtu mzima kama mimi."

"Mapenzi hayana utu uzima," jirani akaingilia, naye hakuna aliyemuuliza.

Fundi Saa akamtazama kwa mshangao. "Mapenzi gani? Mimi nilikuwa nakuja kuwasoma wale watoto." Akainua kidole kuelekea rafu ya dirishani. "Mama akiwa anahudumia watu, nasimama pale nasoma kurasa kadhaa. Nikashindwa kuomba kuazima. Mwenye mvi kama mimi nivuke barabara na kitabu chenye picha ya mbwa na tochi, wateja wangu wangenionaje? Lakini mtu hawezi kusimama kwa watu akatoka mikono mitupu, ndiyo maana nikawa nachukua hivi vya mapenzi. Watu wakiniona navyo watasema mgane anatafuta mke. Hilo linaeleweka."

"Na vya pili?" nikauliza. Sauti yangu haikuwa nzuri.

"Cha pili ningekiombaje, na cha kwanza sijakifungua? Ningekuwa mwongo."

Jirani alicheka mpaka akatoka nje kushika ukuta. Mimi ningeweza kumnyonga mtu. Nilikuwa nimejenga maisha ya watu wawili, na safari yangu juu yake, kwa sababu ya mzee anayetaka kujua nani kaiba kombe la shule.

Shangazi hakucheka. Alikwenda kwenye rafu, akatoa kitabu, akakifungua kwenye pembe yenye alama, akaushika mkono wa Fundi Saa na kukigeuza kidole gumba chake kwenye mwanga. Kilikuwa na mafuta mepesi ya saa, hayatoki kwa sabuni.

"Ni wewe," akasema. "Nami nawafokea watoto wa watu."

"Niwie radhi, Mama."

Nilisubiri amfukuze. Badala yake akauliza, "Umefika wapi?"

"Pale mlinzi anapopoteza funguo."

"Unamshuku nani?"

"Si mlinzi. Yule sikio moja halisikii, na hulalia lile zima, amesema mwenyewe mwanzoni. Kengele aliyosema ilimwamsha aliisikiaje? Kuna mtu alimwambia aseme hivyo."

Shangazi akaketi taratibu kwenye kiti cha jirani. Kitabu kile alikuwa amekisoma, amekikata na kukishona kwa mkono wake. "Hilo la sikio," akasema, "mimi nililipita."

Nikawaacha hapo. Niliporudi kutoka zamu walikuwa wamehamia kwenye kesi nyingine.

Baada ya hapo Fundi Saa alikuja kila siku akifunga kibanda. Hakuleta ua, hakusema neno tamu, hakupiga goti. Walibishana. Alimwambia Shangazi kwamba anamshuku kila mtu mwenye ndevu. Shangazi akamwambia kwamba yeye hamshuku mtu yeyote mwenye kazi ya mikono. Gundi ilipoanza kunukia vibaya, Fundi Saa alinyanyuka katikati ya sentensi, akazima jiko, akarudi na kuimalizia. Hilo nililiona. Nilikwenda kwa mkuu wangu nikamwambia nitaripoti hospitali mpya mwezi ujao, na hata hivyo nilikuwa na hasira nao wote wawili. Niliwaandalia kila kitu kwa mpangilio mzuri wa rafu ya ukutani, nao wakakataa kuufuata.

Siku yangu ya mwisho nyumbani niliingia sebuleni kutafuta mkanda wa begi. Shangazi alikuwa amekaa dirishani na kitabu kipya cha wapelelezi kilichofika wiki ile. Fundi Saa alikuwa ameketi ubavuni kwake, kwenye kiti changu, nilichokalia tangu miguu yangu haijafika sakafuni. Walikuwa wanasoma kitabu kimoja. Shangazi anasoma haraka kuliko mtu yeyote ninayemjua, na alikuwa amefika mwisho wa ukurasa, ametulia, anasubiri. Fundi Saa alipoitikia kwa kichwa, akageuza.

Nikatazama vizuri zaidi. Kitabu kilikuwa kizima. Tangu nizaliwe sijaona kitabu kinene kikilala usiku mmoja ndani ya nyumba ile bila kukatwa.

"Shangazi, hiki mbona hujakikata?"

"Kisu butu," akajibu bila kuinua macho.

Kisu kilikuwa kwenye kibanio. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona Fundi Saa, kwa macho yangu mawili, akikinoa kwa jiwe lake dogo la kibandani. Nikachukua kipande cha karatasi mezani, nikapitisha makali. Kikapasuka bila hata sauti. Niliwatazama wote wawili, hakuna aliyegeuka. Masikio ya Fundi Saa tu ndiyo yalikuwa yamebadilika rangi.

"Kweli," nikasema, "ni butu kabisa." Nikakirudisha kisu mahali pake, nikaenda kufunga begi.