Ya Kusimama au ya Kulala?

Sie tuliokulia Chang'ombe enzi za ruksa, miaka ya tisini mwanzoni, picha kwetu ilikuwa na adabu yake. Hupigwi huku umejaza chipsi mdomoni kama watoto wa leo. Ilisubiri Idi, ilisubiri uoge, upakwe mafuta mpaka ung'ae, uvae nguo inayonukia duka, halafu usimame umekaza shingo, na kucheka marufuku. Mtaa mzima ulinukia pilau, na kaka Shomari, mpiga picha wetu, alipita nyumba hadi nyumba na kamera yake shingoni.

Idi ninayoikumbuka mie ni ile aliyokuja Bibi Somoe, mzaa mama, kutoka Lindi. Mama alikuwa na hamu moja tu: mama yake na wajukuu wote kwenye picha moja kabla hajarudi kwao. Bibi alikuwa hajawahi kupigwa picha hata ya bahati mbaya. Mie nami nilikuwa na langu, viatu vipya vya kuwaka taa kisiginoni. Visipoonekana pichani, nani angeamini?

Ua wetu ulikuwa mwembamba, Shomari akirudi nyuma anagonga ukuta wa choo. Akatupanga, akafumba jicho moja, akauliza, "Mama, niwapige ya kusimama au ya kulala? Ya kusimama inachukua mpaka viatu, ila wa pembeni hawaenei. Ya kulala mnaenea wote, lakini miguu naikata."

"Ya kulala," mama akajibu hapo hapo.

Lahaula! Bibi alichomoka akijifunga kanga upya. "Nilale? Mie nilale chini mbele za watu, na miguu nikatwe? Kama mnanipima sanda, ngojeni nife kwanza!" Akaingia ndani, akabamiza mlango. Mama akabaki kashika kichwa, machozi yanamlenga. Bibi alikuwa anasafiri kesho yake, na filamu ya Shomari ilikuwa imebakiza picha ya mwisho.

Shomari, Mungu ambariki, hakucheka. Akasogea dirishani. "Shikamoo bibi. Kinacholala ni kamera, siyo wewe." Akaigeuza mbele ya nondo, hivi imesimama, hivi imelala. Kisha tukasikia kicheko mle ndani, kidogo kidogo, halafu cha kushika mbavu. Bibi akatoka anajifuta macho. "Astaghfirullah, uzee huu!" Akaketi katikati yetu. Aliponiona nimenuna akasema, "Na wewe, miguu ikikatwa, viatu si uvishike mkononi?" Nikavivua, nikavishika kifuani. Bibi akacheka upya, na Shomari akabonyeza.

Hakuja tena Dar mpaka alipofariki.

Majuzi binti yangu aliitoa picha ile aipige kwa kamera yake ya kisasa, isije ikapotea. Siku hizi kamera yenyewe inakupangia maumbo, mraba, pana, nyembamba, kazi kwako kuchagua. Wanapiga mamia na kufuta mamia, na hakuna anayegombana uani kwa ajili ya wa pembeni. Nilijua atachagua mraba wake anaoupenda. Akaujaribu, binamu zangu wawili wakatoweka. Akatikisa kichwa, akaweka pana. "Waenee wote, mama."

Akamvuta bibi karibu kwenye kioo cha kamera, akamtazama muda mrefu. Binti yangu naye ni Somoe, tulimrithisha jina la bibi ambaye hakuwahi kumwona.

"Mama," akasema, "kumbe hiki kicheko changu kina mwenyewe."