Majani ya Uani kwa Bibi Angela

Majani yaliyolowa yananuka kama chai iliyosahaulika birikani, na kila nikiipata harufu hiyo narudi Buffalo, Amerika, mtaa wa West Side, nina miaka tisa na ufunguo wa nyumba shingoni. Tulikuwa tumefika wakati wa joto, mama na mimi, tukitokea kambi ya wakimbizi Burundi, na kabla ya hapo milima ya Kivu Kusini ambayo mimi niliijua kwa kusimuliwa tu. Msimu ule wa majani kuanguka haukuwa na jina katika Kiswahili chetu. Mama alidhani miti ya mtaa mzima imeshikwa na ugonjwa. Yeye alifanya kazi ya jioni katika kiwanda cha sabuni, kwa hiyo nilipotoka shule nilikuta nyumba kimya na chakula kimefunikwa juu ya jiko, nikala nikisikiliza mbao za kuta zikilia kwa upepo. Nilikuwa mpweke, sina namna nyingine ya kulisema. Darasani niliitwa yule msichana mpya, na hata ulipofika mwezi wa kumi bado nilikuwa yule msichana mpya.

Shule ilikuwa na mambo yake ya msimu: juisi ya tufaha ya moto, mavazi ya kuchekesha, maboga yaliyopangwa kwenye ngazi ambayo, kwa uchungu mkubwa wa mama, hakuna aliyeyapika. Kwenye ukuta wa ujia mrefu walichora mti mtupu. Kila mwezi walimu walichagua tabia moja njema, na mwezi ule ilikuwa ukarimu. Mtoto aliyeonyesha ukarimu aliandikwa jina lake kwenye jani la karatasi, likabandikwa kwenye mti. Nililitaka jani hilo kuliko kitu kingine chochote nilichowahi kukitaka Amerika. Niliamini jina langu, Riziki, likishakaa pale, kuna mtu atalisoma akipita, na siku moja ataniita kwa jina.

Basi tukatangaziwa kwamba darasa letu litakwenda kukusanya majani kwenye nyua za wazee waliokaa karibu na shule, na kila atakayeshiriki atapata jani lake. Tulipewa reki na mifuko ya karatasi, tukapangwa wawili wawili, na mimi nikabaki bila mwenzangu, nikafuatana na mwalimu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya mbao, yenye rangi ya kijani iliyobabuka. Wenzangu walikusanya marundo, wakayarukia, wakayakusanya upya. Mimi niliona pazia likisogea. Bibi mmoja alikuwa amesimama dirishani akitutazama, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amemsalimu. Kwetu hilo halipo. Huingii uani kwa mtu, ukashika vitu vyake, ukaondoka bila kumpa mkono na kuuliza habari za nyumbani. Wataulizana umelelewa wapi. Nilidhani wenzangu wamesahau. Mwalimu alipoinama kufunga mfuko, nikapanda ngazi nikagonga mlango.

Bibi Angela, ndivyo alivyojitaja, alikuwa mfupi na mikono yake ilikuwa baridi. Nilimpa mkono wa kulia, wa kushoto nimeushikiza kwenye kiwiko, macho chini. Akanikaribisha ndani mara moja. Kiingereza changu kilikuwa cha kuokoteza na chake cha kunong'ona, lakini alipofungua friji na kuniuliza nitakunywa nini, neno la maziwa nililijua. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma. Niliyamaliza, maana sisi ni watu wa ng'ombe na maziwa ya mwenyeji hatuyaachi nusu. Akanionyesha picha za watoto wake ukutani, akataja kila mmoja na mji alikohamia. Kisha akaniuliza jina langu, akalirudia na kulirudia mpaka likamkaa sawa mdomoni. Tangu tufike, hakuna aliyekuwa amejisumbua hivyo kwa ajili ya jina langu. Akaniambia nirudi.

Nje walikuwa wananitafuta. Darasa lilikuwa limeshafika kona ya pili walipogundua sipo, na mwalimu aliponikuta alinishika mkono, hakuuachia mpaka shuleni. Kesho yake mama aliitwa shuleni. Mkalimani hakupatikana, kwa hiyo nilitafsiri mimi. Mwalimu alieleza kwa upole kwamba mtoto haingii nyumba ya mtu asiyemjua, kwamba lolote lingeweza kunipata, na kwamba nisirudi pale tena. Leo namwelewa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa Kiswahili chetu cha Kivu, chenye Kifaransa ndani yake: "Bon, munatuma batoto ku nyumba ya muzee, banafagia inje, kisha banaenda bila kumusalimia? Donc, munabafundisha nini?" Mwalimu akanigeukia. Nikamwambia kwamba mama anaomba radhi.

Ijumaa majani ya karatasi yakabandikwa. Langu halikuwamo, kwa kuwa niliacha kundi. Nilitafuta kila tawi, nikaenda kulia chooni. Jioni nilimsimulia mama alipokuwa akivaa viatu vya kazi, naye akaacha kufunga kamba. "Achana nabo, mwana wangu," akasema. "Ule bibi anajua jina yako." Kabla theluji haijaisha tulihamia Louisville kwa binamu ya mama, na Bibi Angela sikumwona tena.

Siku hizi naishi Columbus, mtaa wa Linden, na kazi yangu ni kutunza wazee majumbani kwao. Naingia nyumba za watu kwa saa zilizopangwa, nalipwa ili nisalimie, kisha narudi kwangu ambako hakuna anayegonga. Msimu uliopita watoto wa shule ya jirani walikuja na reki zao kusafisha mtaa. Niliposikia sauti zao nikabandika maziwa jikoni, nikatoa vikombe, nikaenda kusimama nyuma ya mlango. Walicheka, wakajaza mifuko, wakaipanga vizuri kando ya barabara. Ningeweza kufungua. Lakini nimeishi huku vya kutosha kujua jinsi mwalimu wao angeshtuka kumwona mtu mzima asiyemjua akiwakaribisha watoto ndani. Nikabaki nimeshika kitasa mpaka wakafika nyumba ya pili, na kule jikoni maziwa yakafurika.