Mstari wa Chokaa

Kila alfajiri mlinzi wa njia ya mabasi pale Tunduma huinama na kopo la chokaa, akaurudisha mstari uliofutwa na magurudumu ya jana. Vidole vyake vimeliwa na chokaa hiyo. Magari madogo yanayokwepa foleni ya malori yakiivamia njia, mlinzi huinua kibendera chekundu na kusema kwa upole, "Wanangu, hii ni ya mabasi." Madereva humjibu wakicheka, "Mzee, basi litupishe sisi!" Leo basi lililokwama nyuma yao limembeba mkewe, anayewahishwa hospitalini Vwawa, pumzi zikimpaa. "Baba Tumpale," mkewe aliita dirishani, "tufungulie njia." Mlinzi aliinua kibendera, hakuna dereva aliyepisha. Mkewe alipoacha kuita, basi likiwa bado limekwama, mlinzi aliinama, akaendelea kumwaga chokaa.