Chafya ya Nne

Kwa mama mkwe wangu, chafya ilikuwa na utaratibu wake. Ukipiga chafya ukasema Alhamdulillah, yeye alikuitikia Yarhamukallah hata kama yuko uani anakuna nazi. Ya pili aliitikia, ya tatu aliitikia. Ya nne alinyamaza, kwa sababu kwake aliyefika hapo ni mgonjwa, anaombewa afya basi. Binti yangu alifika ya nne kila asubuhi kabla hajashuka kitandani. Mimi nilikuwa jikoni nausubiri ule ukimya, mwiko mkononi, chai inafurika.

Sikuweza kutulia. Mtoto macho mekundu, pua inachuruzika, usiku anahema kwa mdomo. Ndiyo kwanza ameanza shule, na mwalimu alikuwa akimrudisha nyumbani akiogopa ataambukiza wenzake mafua. Mama mkwe naye alisema ni mafua, tena huenda mtoto kapatwa na jicho. Daktari wa zahanati akasema si mafua, ni aleji. Dawa angenipa, lakini haingefaa kitu kama nyumba yenyewe inamchokoza. Akataja vumbi, manyoya, moshi na manukato. Nilitoka pale mbio, utadhani nimeacha chungu jikoni.

Pale Chang'ombe tulipakana na karakana ya seremala, kwa hiyo nilianza na madirisha ya upande huo. Nikayafunga, tukaiva kwa joto. Kisha likaja zulia. Mume wangu alikuwa akifanya kazi ya kutoa mizigo bandarini kule Kurasini, na zulia lile la manyoya alilipatia huko, miaka ile ya ruksa ambapo kila kitu kilianza kuingia na kila mtu alitaka chake kionekane sebuleni. Nililikunja peke yangu. Aliporudi akakuta sakafu tupu, akauliza kama tumeingiliwa na wezi. Nikamwambia mwizi ni mimi. Paka akahamia kwa dada yangu Mikocheni. Mito ya sufi niliichana uani kwa hasira, sufi ikaruka mpaka kwa seremala, na siku hiyo mtoto alipiga chafya mpaka akatapika. Mashuka nikawa nayafua kwa maji ya moto na kuyaanika jua kali.

Chafya hazikupungua hata kidogo. Niliichukia nyumba ile, nikawa nanusa pembe zake kama mtu anayetafuta panya aliyeoza.

Alasiri moja nilirudi sokoni nikamkuta mama mkwe uani. Ameyaanua mashuka yangu, ameyatandaza juu ya tenga, na chini ya tenga chetezo kinafuka udi. Hakuwa akificha chochote. Siku zote alifanya hivyo. Kwake shuka ambalo halijafukizwa lilikuwa halijamaliza kufuliwa. Harufu ile ilikuwa ndiyo harufu ya kwetu, na mimi sikuwahi kuihesabu kuwa ni kitu. Kumbe kila nilipozidisha kufua, yeye naye alizidisha kufukiza.

Ningemwambiaje? Mkwe haambiwi kwamba udi wake unadhuru. Na tangu baba mkwe alipofariki, mtoto ndiye aliyelala na bibi yake kitanda kimoja. Bila mtu ubavuni bibi hakupata usingizi. Nilizunguka uani, nikafagia palipokwisha kufagiwa. Jioni nilimwomba mume wangu aseme yeye. Akasema hilo ni la wanawake, akaenda zake msikitini. Nimemkasirikia mpaka leo.

Kesho yake, alipowasha makaa tena, nikasimama mbele yake.

"Mama, daktari alitaja moshi. Na manukato."

Aligeuza shuka upande wa pili. "Udi si moshi."

"Ni moshi, Mama."

Akainua uso. "Kwa hiyo ni mie ninayemuumiza mke mwenzangu."

Ndivyo alivyomwita mjukuu wake, kwa utani. Nilitamani anigombeze, anitukane, ili nami nipate la kusema. Hakugomba. Aliyamwagia makaa maji, akalirudisha shuka kwenye beseni, akalifua upya mwenyewe. Usiku mtoto alipokwenda chumbani kwa bibi yake kama kawaida, bibi alimzuia mlangoni. Nguo zake, nywele zake, hata kuta za chumba kile zilikuwa zimeshiba udi wa miaka.

"Kalale kwa mama yako," alimwambia. "Humu mnanuka."

Maneno yale yalinichoma. Mtoto alilia mpaka akapitiwa na usingizi kifuani kwangu, na ukutani, upande wa pili, nilisikia kitanda kikilia kila mama mkwe alipojigeuza.

Chafya zilipungua taratibu, na mtoto akarudi shule. Hofu yangu ndiyo haikupungua. Bado niliamka alfajiri kusikiliza. Asubuhi moja mtoto alipiga chafya, akasema Alhamdulillah yake nusu usingizini. Nikasimama jikoni kusubiri ya pili. Chumba cha mama mkwe kilikuwa kimya, nikadhani hajasikia, au hataki. Kisha sauti ikapenya ukutani, sauti ya mtu aliyekuwa macho kitambo.

"Yarhamukallah, mke mwenzangu."

Akasubiri nyingine aiitikie. Haikuja.