Cheni ya Kwenda Bumbuli

Pikipiki ya serikali niliyopewa kwa kazi ya ubwana shamba ilikuwa na cheni iliyochoka, na nyingine haikupatikana, si Lushoto, si Tanga. Miaka ile ya Ujamaa hata sabuni tuliitafuta kwa tochi. Kwa hiyo niliposikia kwamba mama mkwe amelala siku ya tatu, tumbo limevimba, na lazima afikishwe hospitali ya Bumbuli, kitu cha kwanza nilichoshika ni spana.

Nililegeza nati za ekseli, nikarudisha gurudumu la nyuma kidogo kidogo, upande huu na ule, ili cheni ikaze. Nikavuta uzi wa katani kutoka tairi la nyuma hadi la mbele. Ukagusa sawasawa kote. Gurudumu lilikuwa limenyooka, nikajisifu kimoyomoyo. Mpumbavu mimi.

Cheni haipimwi pikipiki ikiwa tupu. Abiria akikaa, springi za nyuma zinabonyea na cheni inazidi kukaza. Nilijua hivyo. Mke wangu naye alijua, maana mara nyingi alikaa yeye nikipima.

"Mama akae kwanza, upime," alisema.

"Nichutame miguuni pa mama mkwe, mkono uko chini ya kiti? Unanitakia nini wewe?"

Kwetu mama mkwe hakaribiwi hivyo. Hata shikamoo nilimwamkia nikiangalia pembeni. Kumkalisha mke wangu badala yake sikukumbuka kabisa. Aibu ilinifunga akili. Nilikisia tu, na kwa kuogopa cheni isiruke meno milimani, nikakaza mno.

Mke wangu aliweka mto kati yangu na mama ili tusigusane, yeye akabaki nyumbani. Mto ukamsukuma mama nyuma, uzito wake wote ukawa juu ya gurudumu la nyuma. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya Bumbuli, cheni ikakatika.

Nilitaka kumbeba. Akakataa.

"Hapana, baba. Kaite watu waje na machela."

Nikatii. Nilikimbia hadi kwenye nyumba za juu, nikapata wanaume wanne. Tuliporudi alikuwa ameegemea ukingo wa barabara, mto ameukumbatia, ameshakufa.

Wale wanaume walisita, wakanitazama. Nilimwinua kwa mikono yangu mwenyewe, nikamlaza kwenye machela. Alikuwa mwepesi. Ningeweza kumbeba hadi hospitali.