Midomo Miwili ya Bomba

Wenzake walimwita Kipaza, na jina hilo halikuwa la mapenzi. Kabla ya ajali alikuwa mpokea mizigo tu, mwanamke wa maneno machache, mwaka wa kumi na moja katika kiwanda cha dawa ya kung'arishia nguo. Lori la tangi likifika, yeye au shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliunga mpira wa lori kwenye bomba. Nyuma ya ghala midomo miwili ya bomba ilikaa bega kwa bega: mmoja wa tindikali, mwingine wa dawa. Ukubwa mmoja, rangi moja, vibandiko vimefifia havisomeki.

Jumanne moja asubuhi, shemeji akaunga mpira wa tindikali kwenye mdomo wa dawa. Vitu viwili hivyo vilipokutana ndani ya tangi, gesi ya klorini ikafumuka, ikatambaa chini kwa chini. Dereva alitoka mbio. Shemeji alirudi kufunga koki. Alikufa hospitalini siku ya tatu.

Msimamizi wao, mtu mwepesi wa kufoka, aliandika taarifa yake hata kabla ya mazishi: uzembe wa marehemu. Wachunguzi wa serikali walipofika, aliwakusanya wafanyakazi.

"Kila mtu achunge ulimi wake," alisema. "Wakifunga hapa, msije kunililia mimi."

Kipaza alihojiwa wa nne. Akasema:

"Hata mimi nilikosea, miezi mitano kabla yake. Niliunga mpira palepale, nikasikia harufu, nikafunga upesi. Nilimwambia msimamizi. Akasema hakuna aliyeumia, nisimtafutie balaa. Nikanyamaza."

Mchunguzi akaweka kalamu chini. "Kwa hiyo marehemu hakuwa wa kwanza."

"Hakuwa. Na asingekuwa wa mwisho."

Maneno hayo yalimsafisha marehemu, yakamchafua yeye. Habari zikamtangulia nyumbani, na jioni ile mama mkwe alimsubiri mlangoni, kanga kaifunga kibwebwe.

"Kumbe ulijua! Ulijua, ukamwacha mwanangu aende!"

"Mama, nilidhani..."

"Usiniite mama."

Mume wake alikuwa palepale, akainamisha kichwa, asimtetee. Wiki hiyohiyo alihamishia godoro lake chumba cha marehemu.

Kazini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kiwanda kilifungwa wiki saba, na watu waliporudi walimgeuzia migongo. Mtu alimjazia mchanga kwenye buti. Ripoti ilipotoka, haikumlaumu shemeji. Ililaumu midomo iliyofanana na kosa la kwanza lililofichwa. Msimamizi akaondolewa. Midomo ikabadilishwa, kila mmoja na umbo lake, mpira wa huku usiweze kuingia kule. Pia likaletwa daftari la kuandika kila kosa ambalo watu wameponea chupuchupu.

Kipaza ndiye aliyeomba kuisoma ripoti mbele ya wenzake. Mara ya kwanza walimzomea.

"Wewe uliyenyamaza ndiye utufundishe?" fundi mmoja alifoka.

"Ndiyo, mimi. Nani mwingine humu anajua kunyamaza kunavyoua? Kaa chini."

Fundi akaketi, midomo kaibenua. Kipaza akasoma hadi mwisho.

Mwezi wa nne tangu midomo ibadilishwe, dereva mgeni aliyeleta tindikali alianza kugonga bomba kwa nyundo.

"Mabomba gani haya ya kijinga! Hayaingiani!"

Kipaza akamnyang'anya nyundo. "Hapo ni kwenye dawa. Ungetuua sote."

"Mama we, acha makelele. Kwani nimemuua nani?"

Kipaza alimwonyesha mdomo wa tindikali, akamsimamia hadi mpira ukaingia barabara, kisha akafungua daftari. Msimamizi mpya akachungulia begani kwake.

"Na hili nalo lazima uliandike? Mbona hakuna kilichotokea?"

"Lazima," alisema, bila kuinua kichwa. "Na wewe utatia sahihi hapa."

Akatia, huku akisonya.