Jina la Paulo katika Daftari

Mkutano mkuu wa chama cha msingi cha ushirika, katika kijiji kimoja cha wakulima wa pamba nyuma ya Bujora, ulianza kila mwaka kwa kuaibishana. Katibu, Venant, alifungua daftari na kusoma majina ya vijana waliokopeshwa na mfuko wa elimu. Jina likitajwa, mdaiwa au mzazi wake alisimama mbele ya watu wote na kujibu, "Yupo." Siku hiyo wazazi wengi waliugua. Baba mmoja aliumwa jino miaka minne mfululizo, kila mara siku ya mkutano.

Odeta hakuugua hata mara moja. Alivaa kitenge chake cha kanisani, akakaa benchi la mbele, na Venant aliposoma "Paulo Luhaga," alisimama, akajibu, "Yupo," akaketi. Paulo alikuwa mwanawe wa pekee. Alikufa mwaka tisini na tatu, kwa malaria iliyopanda kichwani, akiwa mwaka wa pili chuoni Dar es Salaam, na kaburi lake liko hatua ishirini kutoka jikoni kwa mama yake. Kijiji kizima kilijua, na hakuna aliyethubutu kumsahihisha.

Wasemao kukopa harusi, kulipa matanga, hawakumjua Odeta. Kwake matanga yalitangulia, malipo yakafuata. Kila msimu alipeleka kidogo, ingawa kwa pamba aliyovuna angeweza kulimaliza deni lote mwaka wa kwanza. Hakutaka. Deni likiisha, jina hutoka kwenye orodha, na hapakuwa na mahali pengine ambapo jina la mwanawe liliitwa kwa sauti. Majirani walilikwepa kwa kumhurumia. Ukimwita mjanja hukosei, ila ni ujanja uliomwacha yeye mwenyewe akidaiwa.

Ndipo wakaja watu binafsi. Miaka yote chama ndicho kilichonunua pamba, kikikata shilingi moja kwa kila kilo kwa ajili ya mfuko. Sasa malori ya wafanyabiashara yalisimama barabarani na fedha taslimu, bila makato ya mfuko wala ya chochote. Kila mtu aliwauzia, hata mwenyekiti, ambaye magunia yake yalipitia uani. Kufikia mwaka tisini na sita mfuko ulikuwa jina tu, na ajenda ya mkutano ikawa moja: wadaiwa wote kumi na mmoja wasamehewe, daftari lifungwe.

Aliyesimama kuwasemea wadaiwa wenzake ni Pius Chenge. Alikuwa na shahada ya uchumi na meza ya mitumba mjini, pale Mabatini.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Tulisoma tukiambiwa kazi zipo. Tumetoka, serikali haiajiri, inapunguza. Tulipe kwa nini? Hata serikali yenyewe inawaomba wazungu wafute madeni yake. Serikali nzima inaomba, sembuse mimi muuza suruali?"

Watu walicheka. Mzee Ngosha hakucheka. Alikuwa na watoto sita, na wote walichunga ng'ombe.

"Mimi nilikatwa shilingi yangu miaka minane," alisema. "Sikukopa hata senti. Suruali zako nanunua kwa hela, tena hupunguzi bei! Sameheni, mko wengi. Lakini msiseme deni limefutwa. Semeni limelipwa na Ngosha."

Baadhi walipiga makofi, wakaangaliana, wakaacha. Mwenyekiti akaona joto linapanda, akasema tupige kura. Odeta akanyoosha mkono.

"Katibu, mtu akisamehewa, kwenye daftari inaandikwaje?"

"Inaandikwa 'amesamehewa', mama. Kwa wino mwekundu."

"Na aliyemaliza?"

"'Amelipa.'"

Odeta alifungua pindo la kitenge. Humo mlikuwa na fedha alizopokea asubuhi ile ile kutoka kwenye lori, fedha za bati za kuezekea jiko. Akahesabu elfu kumi na nane, salio lote la Paulo, akaziweka juu ya meza.

"Mama Paulo," mwenyekiti alisema kwa upole, "subiri dakika tano tu. Tukipiga kura hudaiwi kitu. Kanunue bati zako."

"Pius ana mdomo, ameomba. Simlaumu, mwanangu huyo, alikua akicheza na Paulo," Odeta alisema. "Paulo hakuomba. Andika."

Pius alitazama viatu vyake. Venant aliandika, akakata risiti. Kisha wakapiga kura. Msamaha ulipita kwa mikono mingi, japo wa Pius uliishia begani. Ngosha alikunja yake kifuani.

Sheria ya chama ilitaka majina yote kumi na moja yasomwe mara ya mwisho, kila moja na neno lililoandikwa mbele yake. Ajabu, siku hiyo hakukuwa na mgonjwa. Hata mwenye jino alikuja, kapona kabisa. Walisimama mmoja mmoja wakiitika kwa sauti ambazo kijiji hakikuwahi kuzisikia. "Amesamehewa." "Yupo!" "Amesamehewa." "Yupo!" Hivyo hivyo hadi kumi.

Odeta alikuwa anajua alichokifanya. Miaka mitatu alikuwa amelivuta deni lile ili jina lisitoke, na leo amelitoa kwa mkono wake mwenyewe. Iliuma, naye hakujifanya kwamba haiumi. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Paulo Luhaga," Venant alisoma. "Amelipa."

Aliyelipa haitiki, ndio uliokuwa utaratibu wa chama. Venant alikwisha kushika jalada afunge daftari alipoona kitenge cha kanisani kikiinuka benchi la mbele. Akangoja, na mkutano wote ukangoja naye.

"Yupo," Odeta alisema.

Daftari likafungwa. Yeye alikuwa bado amesimama.